Chagua Risasi Kwanza, Bunduki Baadaye

Mpwa wangu,

Umeniuliza ununue bunduki gani. Umeniambia umeweka akiba ya dola 400, na kwamba wenzako kazini huenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara nawe unataka kuandamana nao. Nimefurahi umeuliza kabla hujakwenda dukani. Hapa Marekani duka la bunduki ni duka kama maduka mengine: muuzaji mcheshi, ukuta mzima umepambwa, bei zimeandikwa kwa wino mwekundu, na kijana mwenye fedha mfukoni hutoka na kile kilichomvutia macho. Baada ya miezi mitatu kitu hicho kimelala kabatini kwa sababu mwenyewe hana uwezo wa kukilisha.

Basi shika hili kabla ya yote. Bunduki unainunua mara moja. Risasi utazinunua kila unapokwenda kulenga, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usianze na bunduki. Anza na risasi. Jua ni ipi unayoimudu kwa mshahara wako, inayopatikana katika kila duka, na ambayo bega na mkono wako vitaivumilia ukiipiga mara mia kwa asubuhi moja. Ukishaijua risasi yako, bunduki zilizobaki za kuchagua zitakuwa chache, na uamuzi utakuwa mwepesi.

Tupige hesabu. Mtu anayejifunza kwa dhati hupiga walau risasi 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote tutakazozitaja, huuzwa takriban senti 7 kila moja ukinunua boksi kubwa la mia tano. Kwa mwaka mzima ni dola 168. Ile ya bastola ya milimita 9 ni kama senti 25, hivyo mwaka wake ni dola 600. Ya .45 ACP ni senti 45 hivi: dola 1,080. Ya .308 Winchester, inayopendwa na wawindaji na walengaji wa mbali, mara nyingi ni dola moja nzima: dola 2,400. Bei hupanda na kushuka, lakini mpangilio wake haujabadilika tangu nianze kuzifuatilia; ya chini hubaki chini na ya juu hubaki juu. Sasa tazama: kati ya .22 na .308 mna tofauti ya zaidi ya dola 2,200 kwa mwaka mmoja, ilhali bunduki zenyewe dukani huenda zimepishana dola 200 tu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo linalochongwa hapa ni kodi ya nyumba yako na fedha unazomtumia dada yangu kule nyumbani.

Ndiyo maana jibu langu kwako ni .22, na nitakueleza kwa nini nalisema bila kusita.

Risasi hii ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa wingi wala kwa bei. Siri ya urahisi wake imo katika ganda. Risasi kubwa huwa na fataki yake peke yake, kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22 hakuna kikombe. Dawa ya kuwasha baruti imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki ikigonga ukingo huo, baruti inawaka. Shaba inayotumika ni kidogo, kichwa chake kwa kawaida kina uzito wa grini 40, ambazo hazifiki gramu 3, na viwanda huzitengeneza kwa mamilioni. Hasara ni kwamba ganda lake likishatumika limekwisha, hulijazi tena, na mara mojamoja utakutana na risasi isiyolipuka. Ikitokea hivyo, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu taratibu mpaka nusu dakika ipite, kisha ndipo uifungue na kuitoa.

Faida iliyo kubwa kuliko senti ni hii: .22 haipigi teke. Kijana akianza na bunduki kubwa, mwili wake hujifunza kuogopa kabla haujajifunza kulenga. Kidole kinakaribia kufyatua, jicho linafumba, bega linasukuma mbele, mtutu unainama, risasi inapiga mchanga. Tabia hiyo ikishakuingia huchukua muda mrefu kuing'oa, na kila risasi unayoipiga ukiwa nayo ni fedha iliyotupwa. Kwa .22 utajifunza kupumua, kubana kitako begani, kuvuta kidole polepole pasipo kuutikisa mtutu, na kuangalia kila tundu kwenye karatasi likueleze ulichokosea. Ujuzi huo utakuja nao ukipanda kwenye bunduki kubwa. Kuna watu wamelenga miaka 30 na bado hupiga .22 kila wiki.

Usiidharau kwa udogo wake. Soma ubavu wa boksi: utakuta onyo kwamba risasi inaweza kufika maili moja na nusu. Inaua, na ikigonga jiwe au maji inaruka kwenda usikokutarajia. Heshima unayoipa bunduki kubwa uipe na hii.

Kwa dola 400 zako, ya mtutu mrefu iko ndani ya uwezo. Ruger 10/22 imetengenezwa tangu mwaka 1964. Inajipakia yenyewe, vipuri vyake viko kila mahali, na kila fundi anaifahamu. Marlin Model 60, iliyoanza mwaka 1960, utaikuta kwenye maduka ya rehani kwa bei ya chini sana, na nyingi bado zinapiga vizuri kuliko wenye kuzishika. Mimi ningekuelekeza kwenye bunduki ya komeo, ile unayoivuta kwa mkono baada ya kila risasi, kama zile rahisi za Savage. Haina haraka. Inakulazimisha kutulia kati ya risasi na risasi, na boksi la mia tano linakwenda mbali zaidi kwa sababu huwezi kulimwaga kwa dakika chache. Ukinunua moja ya hizi, utabakiwa na fedha ya risasi elfu moja, ya viziba masikio na ya miwani. Hapo umekamilika.

Ukishikilia kwamba lazima uanze na bastola, kumbuka kwamba bastola ni ngumu kuipiga kwa usahihi kuliko bunduki ndefu na ni nyepesi kuigeuza upande usiofaa. Lakini kanuni ni ileile. Ruger Wrangler, bastola ya silinda ya .22 iliyoingia sokoni mwaka 2019, ni ya bei ndogo na ni imara.

Baada ya mwaka mmoja, ukiona mapenzi hayajapoa, panda kwenye milimita 9. Georg Luger aliibuni Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo majeshi ya NATO na polisi wengi duniani wanaitumia. Wingi huo ndio unaokulinda mfukoni: kitu kinachotengenezwa na kila kiwanda hakiwezi kuwa ghali kwa muda mrefu. Na hapo nikutahadharishe kuhusu mtego mmoja ambao nimeona vijana wengi wakiingia.

Mwezi wa Aprili 1986, maofisa wawili wa FBI waliuawa katika majibizano ya risasi mjini Miami. Shirika hilo liliamua kwamba risasi za bastola zake zilikuwa dhaifu, likatafuta yenye nguvu zaidi, na katika utafutaji huo ikazaliwa .40 Smith & Wesson, iliyotolewa mwaka 1990. Idara za polisi nchi nzima zikaifuata. Lakini .40 ina teke kali, inachosha mkono na kuchakaza bastola, na wakati huohuo watengenezaji walikuwa wakiboresha milimita 9 mwaka hadi mwaka. Katika muongo uliopita FBI yenyewe ikarudi kwenye milimita 9, polisi wakairudia nyuma yake, na maelfu ya bastola za .40 zikamwagika madukani kama mitumba. Ni bastola nzuri, zimetunzwa, bei yake inakushangaza. Kijana anaiona bastola ya Glock ya polisi kwa bei pungufu ya mpya kwa dola mia mbili, anaikumbatia. Kisha anagundua kwamba kila risasi anailipia senti 10 au zaidi juu ya mwenzake wa milimita 9. Kwa risasi 2,400 kwa mwaka, ile nafuu imeisha kabla ya mwaka kwisha, na mwaka wa pili anaanza kulipa deni. Ni kama kununua gari la bei poa linalokunywa mafuta: anayekuuzia anajua kwa nini analiuza.

Mtego wa pili ni wa udogo. Utafikiri risasi ndogo ni rahisi siku zote, na .22 imekufundisha hivyo. Lakini .380, ambayo ni fupi na dhaifu kuliko milimita 9, mara nyingi huuzwa ghali kuliko hiyo kubwa, kwa kuwa hutengenezwa chache. Isitoshe bastola zake nyingi ni ndogo na nyepesi za kuficha, na wepesi huo hugeuka teke mkononi. Uliza bei ya boksi kabla hujauliza bei ya bastola. Ukikumbuka sentensi moja katika barua hii, iwe hiyo.

Bastola ya silinda ya .357 Magnum ina wema wake. Inapiga pia .38 Special, risasi ya tangu mwishoni mwa karne ya 19 iliyo pole na nzuri kwa mazoezi. Kinyume chake hakifai: .357 haitiwi kwenye bastola ya .38. Bei ya .38 si ndogo lakini maganda yake hudumu na kujazwa tena mara nyingi, jambo nitakaloligusia hapo mbele.

Kwenye bunduki ndefu za kulenga, .223 Remington na pacha wake 5.56 ndizo zinazoenea zaidi, na bei yake ni kama senti 45. Soma maandishi kwenye mtutu. Ulioandikwa 5.56 unapokea zote mbili, ulioandikwa .223 peke yake usiutie 5.56, maana ile ya kijeshi hupandisha shinikizo juu zaidi ndani ya chemba hiyo.

Ikiwa lengo lako lingekuwa kuwinda tu, ningegeuza maneno yangu. Mwindaji wa kulungu hupiga risasi chache kupima darubini yake, kisha moja au mbili kwa msimu. Boksi la ishirini linaweza kumpitisha misimu kadhaa. Yeye hana sababu ya kuogopa risasi ya dola mbili, na ni afadhali alipie iliyo bora ili mnyama asiteseke. Wewe hujaniambia habari za kuwinda, kwa hiyo usikubali muuzaji akuuzie bunduki ya mwindaji kwa hoja za mwindaji.

Bunduki ya marisau nayo iulizwe kwa njia hiyohiyo. Vipimo vyake huhesabiwa kwa geji: geji 12 maana yake ni kwamba madonge 12 ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu huo yana uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu geji 20 ni nyembamba kuliko 12. Mossberg 500 na ndugu yake Maverick 88 ni za bei ya chini na hazisumbui, na boksi la 25 la geji 12 la kulengea sahani za udongo ni karibu dola 10. Kuwa na geji mbili nyumbani ni hatari. Ganda la 20 likiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 linateleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu anadhani hakuna kitu ndani, anatia la 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake. Viwanda hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya manjano kwa ajili hiyo.

Kuna kuchanganya kubaya zaidi. Risasi ya .300 Blackout ilibuniwa ili itumie magazini yaleyale na sehemu zilezile za bunduki ya .223, ukibadilisha mtutu tu. Matokeo yake ni kwamba magazini ya .300 huingia bila kulalamika kwenye bunduki ya .223, na wakati mwingine risasi nayo hukaa ndani ya chemba. Ukifyatua, kichwa cha risasi kilicho kinene kinalazimishwa kupita kwenye tundu jembamba, na bunduki inalipuka mikononi. Viwanja vimeshuhudia jambo hili si mara moja. Ndiyo sababu nyingine ya kumwambia anayeanza awe na kaliba moja, yaani aina moja ya risasi, au mbili zisizofanana hata kidogo. Meza ya kulengea iwe na boksi la aina moja tu kwa wakati mmoja.

Utasikia wazee wakizungumzia bunduki za mabaki ya vita. Ni kweli, kulikuwa na zama zake. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka elfu mbili, Mosin-Nagant ya Kirusi, muundo wa mwaka 1891, iliuzwa chini ya dola 100, na risasi zake zilikuja katika mikebe ya bati iliyofungwa, risasi 440 kwa mkebe. Watu walinunua bunduki mbili mbili. Kisha maghala yakakauka. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikazuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na waliojenga burudani yao yote juu ya risasi ile wakabaki na bunduki nzuri isiyo na chakula. Leo Mosin yenyewe huuzwa kwa mamia ya dola. Ukibahatika kupewa moja, fahamu kwamba fataki za risasi zake za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haitoki kwa mafuta. Uoshe mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, uukaushe, ndipo upake mafuta, la sivyo kutu itaingia kwa siku chache.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea risasi inayotengenezwa hapahapa nchini na viwanda vingi. Lakini hata hizo huadimika. Baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook mwezi Desemba 2012, watu waliogopa sheria mpya wakafagia maduka, na .22 ikawa haionekani kwa miezi mingi. Mwaka 2020 yakarudi yaleyale, na milimita 9 ikauzwa kwa bei maradufu na zaidi. Dawa yake ni ndogo: ukitumia boksi moja, nunua mawili, mpaka uwe na ya miezi sita. Yaweke mahali pakavu pasipo joto kali, ndani ya maboksi yake ya asili. Hapo wengine wakihangaika wewe unaendelea na mazoezi yako, na hutalipa bei ya hofu. Kurundika chumba kizima ni ugonjwa mwingine, sikushauri.

Kujaza maganda mwenyewe kunavutia vijana wanaopenda hesabu. Ganda la shaba ndilo sehemu ya gharama kubwa, nalo linatumika tena. Unabadilisha fataki, unapima baruti, unapachika kichwa kipya. Kwa .45, .38 na risasi za bunduki ndefu kuna nafuu ya kweli. Kwa milimita 9 nafuu ni nyembamba, hasa tangu fataki zilipopanda bei. Inahitaji mizani nzuri, utulivu, na chumba ambacho hakuna anayekusemesha. Iache kwa sasa, lakini okota maganda yako.

Na risasi za ganda la chuma zilizo rahisi? Uliza uwanja kwanza. Viwanja vingi vya ndani hupitisha sumaku juu ya boksi lako na kukurudisha ikinasa.

Tenga fedha kwa ajili ya mwili wako. Mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuumiza sikio kwa mpigo mmoja, na sikio lililokufa halifufuki. Kwenye uwanja wa ndani vaa viwili: vya kuziba tundu la sikio, na vya kufunika sikio zima juu yake. Vyote havifiki dola 50. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla hujala chochote, badilisha nguo kabla hujambeba mtoto, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu na watoto ndio huumia zaidi.

Usilipe uanachama wa klabu ghali mwanzoni. Kuna sheria ya Pittman-Robertson, ya mwaka 1937, ambayo leo hugharimiwa na kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na asilimia 10 kwenye bastola, na fedha hiyo hurudi majimboni kuhifadhi wanyamapori na kujenga viwanja vya shabaha. Umeshailipa ndani ya bei ya boksi. Tafuta uwanja wa umma unaosimamiwa na idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Vingine hutoza dola chache tu kwa siku.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa mgeni huumia kuliko mwenyeji. Wewe una ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya shirikisho inakuruhusu kununua. Rafiki yako mwenye viza ya masomo hayumo: kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika na kuipiga uwanjani, isipokuwa kwa misamaha michache kama kibali halali cha kuwinda. Usimpe ajaribu kwa ajili ya picha. Dukani utajaza fomu 4473, na kwa saini yako unathibitisha kwamba kila jibu ni la kweli. Fomu hiyo inakuuliza kama unatumia bangi, na imeandika wazi kwamba kuruhusiwa na jimbo hakubadilishi sheria ya shirikisho. Anayevuta asinunue, na anayenunua asivute. Uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai. Mtu akikupa fedha umnunulie bunduki kwa jina lako, hata akiwa binamu, kataa palepale. Mzaliwa wa hapa akipatikana na hatia hufungwa. Wewe unaweza kufungwa kisha ukafukuzwa nchini. Majimbo nayo yana yao: Illinois inataka kitambulisho cha FOID kabla hujagusa boksi la risasi, New Jersey na Massachusetts zina vibali vyake, Texas haina kitu cha namna hiyo. Soma ya jimbo unaloishi, na ukihama usome upya.

Nyumbani bunduki ifungwe, na risasi zifungwe mbali nayo. Ninajua nyumba zetu: hazina wageni wa kupiga hodi na kusubiri, kuna watoto wa jirani, kuna binamu aliyefika jana akilala sebuleni. Kuna jambo ambalo hatulizungumzi misikitini wala makanisani kwetu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini hapa ni vya watu waliojiua wenyewe. Baridi ni ndefu, zamu za usiku zinavunja mtu, simu za nyumbani zinadai, na kijana hucheka mchana akilia usiku. Ukijiona umefika hapo, au ukimwona mwenzako chumbani amefika hapo, bunduki itoke nyumbani siku hiyohiyo kwa njia ambayo sheria ya jimbo inaruhusu, niletee mimi kama inaruhusu, na unipigie saa yoyote. Sitakuuliza mengi. Na katika wageni wako wapo waliotoka Kivu na Bujumbura, ambao mlio huo kwao una kumbukumbu nyingine. Usiwaonyeshe silaha yako kwa kujionyesha, wala usiwaite uwanjani kwa utani.

Mwisho, jambo dogo lililowaharibia watu safari. Mfuko unaokwenda nao uwanjani uwe wa uwanjani tu. Risasi moja ya .22 hupenya kwenye kona ya mfuko ikakaa mwaka bila kuonekana, kisha mashine ya uwanja wa ndege ikaiona, ukiwa njiani kwenda kwenye harusi ya dada yako. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha sura ya 114, na hakuna atakayetaka kusikia kwamba kwenu huko Ohio risasi huuzwa sambamba na nyavu za samaki. Kwa safari nunua begi jingine. Lililo rahisi linatosha.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa na nafasi asubuhi. Njoo kabla hujanunua chochote. Utapiga ya kwangu ya komeo, nami nitaleta boksi moja la .22 na karatasi za kutosha.

Mjomba wako